"Mambo 20 ya kushangaza kuhusu watoto wachanga": orodha iliyonikera

Ujumbe wenyewe pengine umeshakufikia. Unaanza na picha ya mtoto mchanga aliyefungwa taulo la bluu, kisha mstari wa herufi kubwa: mambo 20 ya kushangaza kuhusu kujifungua na watoto wachanga. Kumi ya kwanza yanaitwa "ukweli usioujua", kumi ya mwisho "imani potofu za mababu". Chini kabisa unaombwa uwatumie akina mama kumi. Shangazi yangu aliutuma kwenye kundi la familia siku mbili kabla mdogo wangu hajajifungua, huko Tanga, na kila mtu akaweka dole gumba. Hata mimi niliweka, nakiri, tena bila kusoma.

Niliusoma siku kadhaa baadaye, nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya watoto wachanga, na hapo ndipo hasira ziliponipanda. Si kwa sababu una makosa. Kila mtu anakosea, na sisi wanafunzi wa uzamili tunakosea kwa lugha ngumu zaidi. Kilichonikera ni namna ulivyochagua cha kusema na cha kunyamazia. Kwa hiyo hebu tuupitie, maana orodha za namna hii ni nyingi na karibu zote zimeshonwa na fundi mmoja.

Namba 3: "Watoto wote huzaliwa na macho ya bluu." Jamani. Aliyeandika sentensi hii kwa Kiswahili ameshawahi kumwona mtoto aliyezaliwa Temeke, au Kisumu? Hili limetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Baadhi ya watoto wao huzaliwa na macho ya rangi hafifu kwa sababu melanini, ile rangi inayotia weusi kwenye ngozi na macho, bado haijawa nyingi kwenye jicho, halafu hukolea kadiri miezi inavyokwenda. Hata huko si wote. Huku kwetu kila bibi, kila mkunga na kila baba aliyewahi kumfunua mtoto wake nguo usoni ana ushahidi wa kutosha kuukataa "ukweli" huu, na bado tunausambaza kwa sababu umeandikwa kwa namba na umewekewa picha.

Namba 5 inasema mtoto mchanga hana kifuniko cha goti. Anacho. Ni cha gegedu, ile tishu laini kama ya sikio, na huanza kugeuka mfupa akiwa na miaka kadhaa. Picha ya eksirei haioneshi gegedu vizuri, ndiyo maana mtu akasema hakuna. Namba 6, kwamba mtoto ana mifupa 300 na mtu mzima 206, si uongo mtupu, ila hiyo 300 inategemea unahesabuje vipande ambavyo bado ni gegedu au havijaungana. Haya hayamdhuru mtu. Yapite.

Namba 7 isipite. "Mtoto mchanga anajua kuogelea." Ukweli uliopo nyuma yake ni kwamba mtoto akiingizwa majini, pumzi hujizuia kidogo na mikono na miguu hutapatapa kwa mpangilio fulani. Hiyo ni hisi ya kuzaliwa nayo, kama ile ya kushika kidole. Hawezi kuinua kichwa chake apumue, na anaweza kumeza maji hadi akazama. Sasa chukua sentensi yenye maneno manne, mpelekee baba kijana mwenye beseni na simu ya kurekodi.

Na kuna namba 9, ambayo nitairudia kwa kirefu: "Homa ya manjano kwa mtoto ni kawaida, huisha yenyewe."

Nusu ya pili ya orodha ndiyo inayojifanya shujaa. Inapigana na imani potofu, lakini tazama maadui iliowachagua. Mwezi mpevu hauleti uchungu. Sawa kabisa. Huko North Carolina, Marekani, watafiti walizipitia kumbukumbu za watoto 564,039 waliozaliwa kati ya mwaka 1997 na 2001, wakazilinganisha na mizunguko 62 ya mwezi. Hawakukuta tofauti yoyote. Lakini nani Tanga amepoteza mtoto kwa kuamini mwezi? Mkunga anayeamini mwezi mpevu huleta wazazi wengi atafanya nini zaidi ya kuandaa vitanda?

Kiungulia nacho kimo: "si kweli kwamba mjamzito mwenye kiungulia atazaa mtoto mwenye nywele nyingi." Hapa mwandishi wetu kajikwaa vibaya, na mimi nilicheka peke yangu pale kwenye benchi. Mwaka 2006 watafiti wa Johns Hopkins, waliotaka kuumaliza uvumi huu mara moja, walichapisha utafiti wao wa wanawake 64. Kati ya 28 waliosumbuliwa na kiungulia cha wastani au kikali, 23 walizaa watoto wenye nywele za kawaida au nyingi. Kati ya 12 ambao hawakupata kiungulia kabisa, 10 walizaa watoto wenye nywele chache. Ni utafiti mdogo, haujamaliza mjadala, na maelezo waliyoyapendekeza, kwamba homoni za ujauzito zinazolegeza mlango wa juu wa tumbo ndizo pia zinazohusika na ukuaji wa nywele, bado ni pendekezo. Ila ukitaka kumcheka bibi yako kwa jina la sayansi, angalia kwanza sayansi imesema nini.

Kisha kitovu. "Si kweli kwamba kitovu kikidondokea sehemu za siri za mtoto wa kiume atakosa nguvu za kiume." Vizuri, si kweli. Lakini hofu hiyo inaweza kumfanya mtu akivute kitovu kabla ya wakati, au akipake kitu ili kikauke haraka, na hilo ndilo la kuandika. Pepopunda ya watoto wachanga huingia kupitia kidonda cha kitovu, kwa kifaa kichafu cha kukatia au kwa kupakwa majivu, udongo au kinyesi cha ng'ombe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 1988 ugonjwa huo uliua watoto wachanga 787,000 duniani. Mwaka 2018 walikuwa 25,000. Kilicholeta tofauti hiyo ni chanjo ya pepopunda kwa mama, kuzalia mahali safi, na kitovu kuachwa kikavu. Mwandishi alikuwa na habari kubwa kiasi hicho mkononi, akaishia kwenye nguvu za kiume.

Orodha hizi huchagua imani zinazochekesha na kuzikwepa zinazoua. Naelewa kwa nini. Imani ya mwezi haimgusi mtu wa ukoo. Lakini jaribu kuandika kwenye kundi la familia kwamba si kweli kuwa uchungu ukichelewa mama ametoka nje ya ndoa. Imani hiyo ipo, na wengi wetu tumeisikia. Mwanamke yuko saa ya kumi na nane ya uchungu, mtoto amekaa vibaya au nyonga imembana, na watu wanamhoji ataje majina ya wanaume ndipo "afunguke". Kila saa ya mahojiano hayo ni saa ambayo gari halijatafutwa. Uchungu uliokwama unaweza kupasua mfuko wa uzazi, unaweza kumwachia fistula, unaweza kumnyima mtoto hewa. Katika mambo 20 hili halikupata hata mstari.

Wala dang'a haikupata. Yale maziwa ya kwanza, mazito, ya njano, ambayo baadhi ya watu huyakamua na kuyamwaga wakisema ni machafu au yamelala, yamejaa kingamwili ambazo mtoto hana njia nyingine ya kuzipata kwa wingi huo. Wala maji. Mtoto wa siku mbili katika joto la Februari anapewa kijiko cha maji, au maji ya sukari, kwa huruma tu, na huku maziwa ya mama yenyewe ni maji kwa karibu asilimia 88.

Na kama walitaka jambo la kushangaza kweli, lipo la hapa hapa. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi tano, Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto 3,211 waliozaliwa na uzito kati ya kilo 1 na kilo 1.8 hivi. Nusu walilazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, hata kabla hawajatulia. Nusu walihudumiwa kwanza kwa mashine na vitanda vya joto kama ilivyozoeleka, wakaanza kubebwa kifuani baadaye. Katika siku 28 za mwanzo walifariki asilimia 12.0 ya kundi la kwanza na asilimia 15.7 ya kundi la pili. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba kamati ya usalama ilishauri utafiti usimamishwe mapema, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine kifua cha mama. Watoto wa Tanzania wamo ndani ya namba hizo. Sisi tunatumiana macho ya bluu.

Turudi kwenye namba 9.

Mdogo wangu alijifungua saa saba usiku, kuamkia Jumanne. Mtoto wa kike, kilo tatu na kitu, kalia vizuri. Jumanne jioni waliruhusiwa, vitanda vilikuwa vinahitajika. Saa tatu usiku bibi akamfunua mtoto chini ya taa, akambonyeza ncha ya pua kwa kidole, akatazama viganja na nyayo, akaguna. Mimi nilikuwa nimefika kutoka Dar jioni hiyo.

"Mtoto huyu ana manjano," akasema.

"Mbona mimi simwoni, bibi?"

"Wewe unamtazama ngozi, mjukuu wangu. Ngozi yetu inaficha. Tazama macho. Tazama viganja."

Kweli, sehemu nyeupe ya jicho ilikuwa kama imepakwa bizari. Shangazi akaufungua ujumbe wake: namba 9, kawaida, huisha yenyewe. Bibi naye akasema kesho alfajiri tumtoe akaote jua. Kwa hiyo wote wawili, mapokeo na "sayansi" ya simu, walikubaliana tusubiri asubuhi. Tungesubiri, kama si jirani yetu, muuguzi mstaafu, aliyeuliza swali moja tu: amezaliwa saa ngapi? Alipoambiwa, akasema vaeni, twendeni.

Swali lile ndilo lililokosekana kwenye orodha. Manjano ni ya kawaida kweli, zaidi ya nusu ya watoto waliotimiza miezi hupata. Mtoto huzaliwa na chembe nyekundu nyingi za damu zenye maisha mafupi. Zinapovunjika hutoa kitu cha njano kiitwacho bilirubini, na ini lake bado halijawa hodari wa kukisafisha. Kwa kawaida rangi huonekana siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Lakini manjano yanayoonekana kabla ya saa 24 kutimia si ya kawaida, na manjano yaliyofika viganjani na kwenye nyayo si ya kungoja, siku yoyote yatakapofika. Bilirubini ikizidi huingia kwenye ubongo, na ikishaharibu huko hairudishi: mtoto anaweza kubaki kiziwi, au na mwili usiotulia maisha yake yote. Mdogo wangu ana damu ya kundi O, mtoto wake ana B. Kingamwili za mama zilikuwa zimevuka na kuanza kuzivunja chembe za mtoto. Hilo halina uzembe wala laana ndani yake, na linaweza kutokea hata kwa mtoto wa kwanza.

Halafu lugha yenyewe. "Homa ya manjano" ni ugonjwa mwingine kabisa, wa virusi, unaoenezwa na mbu, wenye kadi ya chanjo unayodaiwa mipakani. Mama akitafuta kwenye simu "homa ya manjano" usiku huo, atasoma habari za mbu. Na ushauri wa kutazama kama "ngozi imegeuka njano" uliandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe. Mtoto mweusi hutazamwa macho, ufizi, viganja na nyayo, kama bibi alivyofanya bila kusoma popote.

Sasa je, jua la bibi ni imani potofu? Orodha nyingine, nimezitafuta, husema ndiyo. Mimi nasema hazijui zinapigana na nini. Mwaka 1956 katika hospitali ya Rochford, Essex, Uingereza, muuguzi mkuu wa wodi ya njiti, Sister Ward, alikuwa na tabia ya kuwatoa watoto uani wapate jua. Siku moja aliwaonesha madaktari mtoto aliyefifia manjano mwili mzima isipokuwa kipande cha pembetatu, palipokuwa pamefunikwa na shuka. Baadaye chupa ya damu ya mtoto mwenye manjano ikasahaulika dirishani juani. Ilipopimwa, bilirubini ilikuwa imeshuka kuliko walivyotarajia. Daktari Cremer na wenzake wakajaribu taa, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo kwenye jarida la The Lancet. Taa zote za bluu unazoziona leo kwenye wodi za watoto wachanga zimetokana na ua ule na jicho la muuguzi yule. Mwanga wa bluu hubadilisha umbo la bilirubini ikawa inayeyuka majini, ikatoka kwa nyongo na mkojo bila kulisubiri ini.

Na Lagos, mwaka 2015, yalitoka matokeo ya utafiti wa watoto 447 wenye manjano: nusu waliwekwa chini ya taa, nusu chini ya mahema yenye karatasi maalumu zinazopitisha mwanga wa bluu na kuzuia miale ya urujuanimno na sehemu ya joto. Jua lililochujwa halikuzidiwa na taa. Kwa hiyo wazo la bibi lilikuwa sahihi, kipimo ndicho kilichokuwa kibaya. Kule Lagos watoto walikaa humo kwa saa nyingi, wamevuliwa nguo, wanapimwa joto la mwili na damu. Huku mtoto hutolewa dakika kumi amefungwa kanga hadi shingoni, na familia inarudi ndani ikiwa imetulia. Utulivu huo ndio hatari. Kwa manjano ya siku ya kwanza ni hatari zaidi, maana saa tatu usiku jua liko wapi?

Jambo la mwisho la kulalamikia. Kichwa "imani potofu za mababu" kinadanganya kuhusu nani huamini mambo potofu. Mpaka miaka ya 1980 madaktari wengi, tena wa hospitali kubwa, waliamini kuwa mtoto mchanga hahisi maumivu kama mtu mzima, mishipa yake haijakomaa. Watoto njiti walipasuliwa kifua huku wamepewa dawa ya kulegeza misuli tu wasitikisike, au na dawa hafifu mno ya usingizi. Mwaka 1987 Anand na wenzake walionesha kwamba waliopewa dawa ya kutosha ya maumivu walipata msukosuko mdogo wa mwili na matatizo machache baada ya upasuaji, na mwaka huohuo chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikatoa tamko. Mama yeyote aliyewahi kumshika mtoto wake akichomwa sindano angeweza kuwaambia.

Au chukua kumlaza mtoto kifudifudi. Kitabu cha Dk. Benjamin Spock, kilichouzwa kwa mamilioni, kilishauri hivyo kuanzia matoleo ya miaka ya 1950. Ushahidi kwamba inaongeza vifo vya ghafla usingizini ulikuwepo kufikia 1970, lakini kampeni za kuwalaza chali zilianza miaka ya 1990. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria kwamba kuusoma ushahidi huo mapema kungeokoa watoto zaidi ya 10,000 Uingereza peke yake. Hao hawakuuawa na bibi wa Tanga.

Mtoto wetu alikaa chini ya taa siku nne. Uwiano wa damu ulishuka taratibu, hakuhitaji kubadilishwa damu, na wiki iliyofuata alipimwa masikio, yako salama. Bibi alikuja kumwona siku ya pili. Alisimama mbele ya kile kitanda, mtoto amefungwa macho kwa kitambaa, mwili wote wa bluu, akaniuliza taa ile inafanya nini. Nikamweleza yote, ua wa Rochford na pembetatu ya manjano. Akasikiliza hadi mwisho.

"Na usiku hawaizimi?"

"Hawaizimi, bibi."

"Haya. Hilo ndilo nilikuwa sina," akasema, akavuta kiti.

Nilimwandikia shangazi, kwa adabu zote, masahihisho ya namba 3, 7 na 9, nikamwomba ayatume kwenye kundi na kwa wale akina mama kumi. Amenijibu kwa picha ya waridi lenye maandishi "Uwe na Jumapili njema".